Daftari la mwenye duka: wauzaji na mafundi wa vijiji vya Sussex katika karne ya 18

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari mkoani Tanga, anayefundisha mada ya biashara ya Ulaya kabla ya mapinduzi ya viwanda. Anaeleza kwamba vitabu alivyonavyo vimejaa habari za makampuni makubwa, bandari na viwanda, lakini wanafunzi wake wamemwuliza jambo ambalo hakulipatia jibu humo: katika kaunti ya kawaida ya Uingereza miaka mia mbili na hamsini iliyopita, mwanakijiji alinunua wapi chumvi na kitambaa, nani alimtengenezea plau, na watu hao walilipwaje ikiwa kweli sarafu zilikuwa adimu? Anaomba pia kuelezwa hadhi yao katika jamii, na kama zipo nyaraka ambazo wanafunzi wanaweza kuzichunguza wenyewe.

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na naomba uwafikishie wanafunzi wako salamu zangu, kwa sababu wamegusa mahali ambapo vitabu vingi hupita haraka. Kwa maoni yangu, biashara ya vijijini ya wakati ule ilisimama juu ya mkopo, mkopo ulisimama juu ya kujuana, na daftari la mwenye duka ndilo lililofanya sehemu kubwa ya kazi ambazo siku hizi tunazipeleka benki. Nitajibu kwa kutumia kaunti moja tu, Sussex, iliyoko kusini mwa Uingereza kwenye pwani inayotazamana na Ufaransa, kwa kuwa huko ndiko alikoishi mwenye duka ambaye maisha yake ya kila siku tunayajua kuliko ya mwenzake yeyote wa zama zake.

Mtu huyo aliitwa Thomas Turner. Alizaliwa mwaka 1729 huko Groombridge, mpakani mwa Kent na Sussex, akiwa mtoto wa mwenye duka, na alipofikisha umri wa miaka ishirini na kitu alishika duka katika kijiji cha East Hoathly, mwendo wa kilomita zisizozidi kumi na tano hivi kutoka mji wa soko wa Lewes. Tangu mwaka 1754 hadi 1765 aliandika kumbukumbu zake karibu kila siku: alimwuzia nani, alimdai nani, alikula nini, aligombana na nani, na alijuta nini usiku ulipoingia. Hakuwa tajiri wala mtu mashuhuri. Kwa sababu hiyohiyo maandishi yake yana thamani kubwa kwetu, maana wafanyabiashara wakubwa wa London walikuwa na watu wa kuwaandikia habari zao, ilhali muuza chumvi wa kijijini kwa kawaida alizikwa pamoja na habari zake.

Duka lenyewe lilikuwa sehemu ya nyumba aliyoishi, na bidhaa zake zingewashangaza wanafunzi wako kwa wingi wa aina. Mahali pamoja palikuwa na sukari, chai, tumbaku, jibini, siagi, viungo na chumvi. Vitambaa vya kitani, sufu na pamba, uzi, vifungo, pini, kofia na soksi. Misumari na vyombo vya chuma. Baruti kwa wawindaji. Na dawa za kawaida za tumbo na homa. Sukari ilifika ikiwa imegandishwa kwa umbo la pia, ngumu kama jiwe, imefungwa kwa karatasi ya buluu, na mwenye duka aliivunja kwa koleo la chuma kisha akapima kiasi ambacho mteja aliweza kukimudu. Turner alinunua pia matambara machakavu kutoka kwa watu wa kijijini na kuyapeleka kwa watengenezaji wa karatasi wa kaunti jirani ya Kent, kwa kuwa karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa nyuzi za nguo kuukuu. Hivyo duka lilikuwa mlango wa kutokea bidhaa za kijiji kama lilivyokuwa mlango wa kuingizia bidhaa za dunia.

Hapo kwenye bidhaa za dunia naomba nitulie kidogo, kwa kuwa wanafunzi wanaosoma historia ya biashara wana haki ya kuliona jambo hili waziwazi. Sukari iliyopimwa East Hoathly ilitoka visiwa vya Karibi na tumbaku ilitoka Virginia na Maryland, na sehemu kubwa ya mazao hayo ililimwa na Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mwingereza mmoja kwa wastani alitumia ratili zipatazo 4 za sukari kwa mwaka (ratili moja ni karibu nusu kilo). Mwishoni mwa karne hiyo kiwango kilikaribia ratili 18. Ongezeko hilo halikutokea katika kumbi za matajiri peke yake. Lilipitia kwenye mizani ya maduka madogo ya vijijini, robo ratili kwa robo ratili, hadi kwenye kikombe cha mke wa kibarua wa shamba. Mtu akitaka kuelewa jinsi utumwa wa ng'ambo ya bahari ulivyofungamana na maisha ya watu ambao hawakuwahi kuiona bahari hiyo, mizani ya mwenye duka ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa nije kwenye malipo. Yale uliyosoma kuhusu uhaba wa sarafu ni kweli, na sababu zake zinajulikana. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20 na shilingi 1 ilikuwa peni 12. Ni shilingi ya ukoo huohuo ambayo Waingereza waliileta Afrika Mashariki katika miaka ya 1920 na ambayo jina lake bado tunalitumia. Mwaka 1717, Isaac Newton akiwa msimamizi mkuu wa kiwanda cha sarafu cha mfalme, sarafu ya dhahabu iitwayo gini ilipangiwa thamani ya shilingi 21. Kiwango hicho kiliifanya dhahabu iwe na thamani kubwa Uingereza kuliko ilivyokuwa nchi nyingine, na madini ya fedha yawe na thamani ndogo, kwa hiyo wafanyabiashara walipeleka madini hayo ng'ambo kulikokuwa na faida. Shilingi za fedha zilizobaki nchini zilikuwa chache na zimechakaa hadi picha ya mfalme haionekani, na kiwanda hakikutoa sarafu mpya za fedha kwa wingi hadi mwaka 1816. Sarafu ndogo za shaba nazo hazikutosha, na nyingi zilikuwa bandia. Gini moja kwa kibarua wa Sussex, aliyelipwa shilingi 1 na peni chache kwa siku, ilikuwa ujira wa zaidi ya wiki mbili. Hangeweza kwenda nayo dukani kununulia mshumaa.

Watu walifanyaje basi? Waliandikiana. Mteja alichukua bidhaa, mwenye duka akaandika katika daftari jina, tarehe, bidhaa na bei, na deni likakaa hapo kwa miezi, mara nyingi kwa mwaka mzima au zaidi. Mkulima alilipa baada ya kuuza nafaka au sufu. Kibarua alipunguza deni baada ya mavuno, alipopata ujira mkubwa kuliko wa kawaida. Bwana mkubwa alilipa pale msimamizi wake alipofunga hesabu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Mafundi walikuwa na utaratibu wao ambao mimi huuona kuwa mzuri kuliko yote, na ningependa wanafunzi waufuatilie kwa makini. Chukua mfano wa mhunzi. Katika mwaka mmoja mhunzi alichukua dukani sukari, chai, misumari, kitambaa cha shati na tumbaku. Katika mwaka huohuo alimpiga viatu farasi wa mwenye duka, akamtengenezea bawaba za mlango, akanoa na kurekebisha mizani. Hakuna aliyelipa taslimu siku ya tendo. Kila mmoja aliandika kwake, na baada ya miezi mingi walikaa mezani pamoja, kila mtu na daftari lake, wakasoma mistari mmoja baada ya mwingine, wakakata deni kwa deni, na aliyebaki nyuma akalipa tofauti peke yake, pengine shilingi chache tu baada ya biashara ya pauni kadhaa. Tofauti hiyo ikiwa ndogo sana, ilihamishiwa mwanzo wa ukurasa mpya. Kumbukumbu za Turner zina vikao vingi vya namna hii, na mara nyingi viliishia kwa chakula au kinywaji, kwa kuwa kufunga hesabu kwa amani kulimaanisha kwamba milango ya pande zote mbili ingebaki wazi kwa mwaka mwingine.

Hesabu kati ya wanakijiji ilikatwa hivyo, lakini wauzaji wa jumla wa London hawakutaka viatu vya farasi. Walitaka pesa, na kusafirisha sarafu barabarani kulikuwa na hatari ya wanyang'anyi. Hapa ndipo hawala zilipofanya kazi. Msimamizi wa mali za bwana mkubwa alikuwa na fedha za bwana wake London, na huku Sussex alihitaji fedha za kulipia watu na bidhaa. Mwenye duka alikuwa na bidhaa na makusanyo Sussex, na deni London. Msimamizi aliandika hati ya kuagiza wakala wa London alipe kiasi fulani, akampa mwenye duka, naye mwenye duka akaituma kwa muuzaji wake wa jumla. Deni likalipwa London bila sarafu hata moja kuvuka vilima. Kwa Turner jambo hili lilikuwa rahisi kuliko kwa wengi, kwa sababu karibu na kijiji chake palikuwa na jumba la Halland, mali ya Duke wa Newcastle, mwanasiasa aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1754 hadi 1756 na tena 1757 hadi 1762. Jumba hilo lilinunua bidhaa kwake na kumpatia hati za London. Benki zilizokuwa nje ya London mnamo mwaka 1750 zilikuwa chache mno, na Lewes yenyewe ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1780 ndipo ikapata benki ya kudumu. Kabla ya hapo, watu wa aina ya Turner ndio waliobeba mzigo huo, na si ajabu kwamba wengi wa waanzilishi wa benki za mikoani walitoka katika maduka ya vitambaa, biashara ya nafaka na viwanda vya bia.

Utaratibu huu ulikuwa na uchungu wake, na sitaki wanafunzi wadhani kwamba kukopeshana kulimaanisha upole. Turner aliandika tena na tena kwamba biashara imelala, kwamba anadaiwa na hana cha kulipa, kwamba wanaodaiwa naye wanamkwepa. Siku alipolazimika kumshitaki mdeni wa miaka mingi, aliandika kwa masikitiko makubwa, akijiuliza kama ni haki kumtia jirani na watoto wake katika aibu, huku akijua kwamba asipofanya hivyo wadai wake yeye watamfanyia vivyo hivyo. Sheria ilimpa mdai uwezo wa kumfunga mdeni gerezani, na kwa Sussex gereza la kaunti lilikuwa Horsham. Kinga ya kisheria ya kufilisika ilihusu wafanyabiashara wenye madeni makubwa peke yao, kwani mdai mmoja aliyefungua shauri alipaswa kuwa anadai angalau pauni 100, kwa hiyo mwenye duka mdogo aliyeanguka hakuwa na njia hiyo ya kuanza upya. Na mtu alipofariki, wathamini walioorodhesha mali zake waliandika madeni aliyokuwa akidai katika mafungu mawili: yale ambayo bado kulikuwa na matumaini ya kulipwa, na yale yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Fungu hilo la pili, katika orodha za wenye maduka wengi, si dogo.

Mfano mwingine wa kaunti hiyohiyo unaonyesha jinsi anguko lilivyoweza kumfika hata mtu mwenye akili nyingi. Mwaka 1768 ofisa ushuru aitwaye Thomas Paine alihamia Lewes, akapanga katika nyumba ya muuza tumbaku Samuel Ollive. Ollive alifariki mwaka uliofuata, na mwaka 1771 Paine alimwoa binti yake Elizabeth na kujiunga na biashara ya duka na kinu cha tumbaku. Duka halikustawi. Mwaka 1774 alifukuzwa kazi ya ushuru, bidhaa za duka zikauzwa kwa mnada ili kulipa madeni, ndoa ikavunjika, naye akapanda meli kwenda Marekani, ambako maandishi yake yalichangia sana kuwasha moto wa uhuru mwaka 1776. Historia humkumbuka kwa maandishi hayo, lakini ni vema wanafunzi wajue kwamba kabla ya kuandika kuhusu haki za watu alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka huko Lewes akiangalia daftari lisilofungika.

Wachuuzi wa kutembeza bidhaa walikuwa mwiba wa daima kwa wenye maduka. Tangu mwaka 1697 sheria iliwataka wachuuzi hao wawe na leseni ya pauni 4 kwa mwaka, na pauni 4 nyingine kwa kila mnyama wa kubebea mizigo, lakini leseni haikuwazuia. Turner anasimulia jinsi mtu mmoja alivyofika kwenye kilabu cha pombe cha kijiji akiwa na mkokoteni uliojaa vitambaa, mapambo na vyombo vya fedha, akatangaza mauzo ya siku mbili. Turner alikiri kwamba jambo hilo lingeumiza biashara, akalalamika kwamba watu wa Sussex wamezidi kupenda vitu vipya, na kwamba hata wenye busara hudanganyika kwa kuwa ni wachache wanaojua kupima ubora wa bidhaa. Nadhani malalamiko yake yalikuwa na msingi zaidi ya wivu. Mchuuzi aliuza taslimu na kuondoka. Mwenye duka alibaki na watu walewale wakati wa njaa, akiwakopesha, na sarafu chache zilizokuwa kijijini zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na mgeni.

Kuhusu mafundi, nitaeleza kwa ufupi zaidi, isipokuwa pale ambapo Sussex ina jambo lake la pekee. Kijiji cha wastani kilikuwa na mhunzi, seremala, fundi wa magurudumu, mshonaji wa nguo, fundi viatu, mwashi, muuza nyama na msaga nafaka. Msagaji kwa desturi alijilipa kwa kubakiza sehemu ya unga wa mteja, na ndiyo maana alisingiziwa wizi kila mahali. Mshonaji mara nyingi alikwenda kushonea nyumbani kwa mteja, akila chakula cha hapo hadi kazi imalizike. Wahunzi wa Sussex, kwa upande wao, walikuwa warithi wa historia kubwa: misitu ya ndani ya kaunti hiyo ilikuwa kitovu cha chuma cha Uingereza tangu karne ya 16, yenye madini, miti ya makaa na vijito vya kuendeshea mivukuto na nyundo. Mizinga ya vita ilitengenezwa huko hata katika siku za Turner. Baadaye chuma cha makaa ya mawe kutoka kaskazini kikawa rahisi zaidi, na tanuri la mwisho la misitu hiyo, huko Ashburnham, likazimwa mwaka 1813. Udongo wa misitu hiyo ulikuwa mzito kiasi kwamba mwandishi Daniel Defoe, aliyepita huko mwanzoni mwa karne, alimwona bibi mzee wa ukoo mkubwa karibu na Lewes akipelekwa kanisani kwa gari lililovutwa na ng'ombe maksai sita, kwa kuwa farasi wasingeweza kulitoa kwenye matope. Kwa fundi wa magurudumu, barabara ya namna hiyo ilikuwa shida na riziki kwa pamoja.

Ufundi ulijifunzwa kwa kuishi nyumbani kwa bwana fundi. Sheria ya mwaka 1563 ilitaka miaka saba ya mafunzo kwa anayetaka kufanya kazi ya ufundi, nayo ilidumu katika vitabu hadi 1814, ingawa vijijini haikufuatwa kwa ukali. Wazazi walilipa ada, kijana akapewa chakula, malazi na elimu ya kazi. Watoto wa maskini walikabidhiwa kwa mafundi na parokia yenyewe, yaani eneo la kanisa lililosimamia pia mambo ya maskini, mara nyingi bila kuulizwa. Mvulana alifungwa kwa mkataba hadi miaka 24, mpaka sheria ya 1778 iliposhusha umri huo hadi 21. Wengi wao hawakufundishwa lolote zaidi ya kubeba maji na kufagia. Ni jambo la kusikitisha, na nyaraka za parokia zinalionyesha bila kulificha.

Umeuliza walikuwa watu wa hadhi gani. Walikuwa katikati: chini ya wenye mashamba na makasisi, juu ya vibarua. Ujuzi wa kusoma, kuandika na kupiga hesabu uliwafanya kuwa watumishi wa lazima wa jamii. Turner kwa nyakati mbalimbali alikuwa mzee wa kanisa, msimamizi wa maskini, msimamizi wa barabara na mkusanyaji wa kodi. Aliandika wasia za majirani, akapima mashamba yao, na kwa muda mfupi akafundisha shule. Alisimamia mazishi, akitoa glavu na tepe za kofia kwa waombolezaji na sanda kwa marehemu. Sanda hiyo ilipaswa kuwa ya sufu tupu, kwa sababu sheria za miaka ya 1660 na 1670, zilizokusudiwa kulinda wafugaji na wafumaji wa sufu, ziliweka faini ya pauni 5 kwa anayezika kwa kitambaa kingine. Akiwa msimamizi wa maskini alinunua nguo za wasiojiweza kutoka katika maduka ya kijiji, na wanafunzi wako hawatakosa kuona kwamba mwenye duka na mnunuzi wa umma walikuwa mtu mmoja. Wenzake waliliona pia. Vikao vya baraza la parokia, kwa maelezo yake mwenyewe, vilijaa makelele na matusi.

Hadhi ya katikati ilikuwa na gharama ya aina nyingine. Mwenye duka hakuweza kumkatalia mteja mkubwa, hata katika mambo yasiyo ya biashara. Majira ya baridi ya mwaka 1758 kikundi cha watu wenye nafasi wa parokia, pamoja na kasisi na mkewe, kilikuwa kikizunguka nyumba hadi nyumba kwa ulevi na dansi. Alfajiri moja mke wa kasisi alibisha mlango wa Turner akidai anataka dawa fulani ya unga iliyouzwa dukani. Mlango ulipofunguliwa, kundi zima likaingia hadi chumbani, likamtoa kitandani, likamvika sketi ya mkewe, likamchezesha bila viatu wala soksi mpaka chupa ya divai na ya bia zikaisha. Turner aliandika kwa hasira na aibu kwamba watu wa namna hiyo, wakiongozwa na mtumishi wa Mungu, walimfanya akose usingizi na amani. Lakini hakuwafukuza. Majina yao yote yalikuwa katika daftari lake.

Wanawake wasisahauliwe katika somo lako. Kisheria mali ya mke ilikuwa chini ya mume, kwa hiyo majina ya wake hayaonekani juu ya milango, lakini walipima, waliuza na kudai. Mjane aliendeleza duka au hata karakana ya uhunzi kwa kuajiri mafundi. Ushahidi mmoja mzuri tunaupata kabla ya enzi ya Turner. Kati ya mwaka 1648 na 1672, serikali iliposhindwa kutoa sarafu ndogo, wenye maduka wa kila kaunti, Sussex ikiwamo, walitengeneza sarafu zao za shaba za nusu peni na robo peni, ambazo majirani walizipokea kwa kumjua aliyezitoa. Ziliandikwa jina la mtu, mji wake, na alama ya kazi yake, kama pia la sukari au mishumaa iliyoning'inizwa kwenye ufito. Nyingi zina herufi tatu katikati: ya juu ya jina la ukoo, na mbili za chini za majina ya mume na mke. Biashara ilitangazwa kuwa ya wote wawili, hata kama sheria ilisema vinginevyo.

Utaratibu wa daftari ulidhoofika polepole. Baada ya 1816 sarafu zilitosha, benki zikaenea, barabara za kulipia ushuru zikaboreshwa, na reli ikafika Lewes mwaka 1846, ikawezesha watu wa vijijini kununua mijini. Mwaka 1844 wafumaji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, walianzisha duka la ushirika lililokataa kabisa kukopesha, na mfano wao ukaigwa nchi nzima. Kwa maskini, bei ya taslimu ilikuwa nafuu. Ila wiki ambayo hakuna kazi, duka la taslimu halikuwa na msaada kwao, na kwa sababu hiyo maduka ya kukopesha yaliendelea kuwapo vijijini hadi karne ya 20.

Kuhusu nyaraka, kumbukumbu za Turner zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na zimewahi kuchapishwa, kwa hiyo sehemu zake hazipatikani kwa shida. Kwa darasa lisilo na fedha ningeanza na orodha za wafanyabiashara zilizochapwa katika karne ya 19, ambazo Chuo Kikuu cha Leicester kimeziweka mtandaoni bila malipo. Kila kijiji kina ukurasa wake, na chini ya jina la kijiji huorodheshwa wakulima, mhunzi, muuza vyakula, fundi viatu na wengine. Gawanya darasa, kila kundi lichukue kijiji kimoja cha Sussex katika miaka miwili tofauti, kisha lieleze ni kazi zipi zimetoweka na zipi zimezaliwa. Wakimaliza hapo, wape rejista za sensa za kuanzia 1841, zinazotaja kazi ya kila mtu na, kuanzia 1851, mahali alipozaliwa. Watagundua wenyewe idadi ya mafundi waliohama. Yapo pia madaftari ya ushuru wa mikataba ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1710 hadi 1811, yanayotunzwa katika hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza, yenye jina la bwana fundi, kazi yake na mwanafunzi wake. Uwaonye mapema tu kwamba orodha za wafanyabiashara ziliwaacha nje vibarua wote na wake wengi waliokuwa wakiendesha maduka kwa majina ya waume zao, hivyo ukimya wa ukurasa usichukuliwe kuwa uthibitisho kwamba watu hao hawakuwapo.